Nyuma ya Mashoto

Mama Pacha alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate, mjane mwepesi wa utani. Kazi hiyo alitafutiwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye msimamizi wa zamu. Hata chumba alicholala na wanawe pacha, aliowapitia shuleni kila atokapo kazini, kilikuwa cha shemeji huyohuyo. Jamani, mtu wa namna hiyo utamkatalia nini?

Lakini alimkatalia. Wafanyakazi walipochagua mwenyekiti wao, shemeji naye akigombea, kwa vikaratasi vilivyokunjwa na kutiwa kwenye kopo la hamira, Mama Pacha alimwandika Mashoto. Huyo walimwita hivyo tangu mashine ya kukandia ilipomla vidole vya mkono wa kulia, maana msimamizi aliamuru kifuniko king'olewe ili kazi iende mbio. Mashoto alitaka kifuniko kirudi, basi. Akashinda. Nyumbani, Mama Pacha alimpa shemeji pole kwa macho makavu, akaapa kuwa yeye alimpigia kura shemeji.

Kesho yake msimamizi akatangaza kuwa hesabu ilikuwa na kasoro, kura irudiwe, na safari hii hakuna karatasi: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Hakufoka. Tena jioni hiyo alimmiminia Mama Pacha chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Dada mtu alikuwa anatazama sakafu tu.

Siku yenyewe wakakusanywa uani, kando ya magunia ya unga. Wale wale waliompigia Mashoto vigelegele juzi wakajikokota mmoja mmoja nyuma ya msimamizi, macho chini. Mama Pacha naye alikuwa humo. Upande wa pili Mashoto alisimama peke yake, mkono mbovu ameuficha ndani ya aproni. Hakumwita mtu. Aibu ikamkaba Mama Pacha. Na mashine ile, kesho si itakuwa zamu ya mikono yake? Akatoka mstarini, akavuka ua, akasimama nyuma ya mwenzake. Hakuna aliyemfuata.

Msimamizi alitangazwa mshindi, akawashukuru wote. Kisha akamjia Mama Pacha taratibu, akamkung'uta unga begani.

"Shemeji," akamwambia kwa upole, "leo usijisumbue kupitia shuleni. Watoto nimeshamtuma mtu akawachukue."