Deski Niliyopeleka Rutshuru

Musumeno ulipofika katikati, deski ya mutoto wangu ilipasuka na nusu mbili zikaanguka, kila moja upande wake, kama walevi waliokuwa wameegemeana. Kila nusu ilibaki na miguu ya upande mumoja tu. Direkta Gaspari, mukubwa wa shule, akazitazama, akafuta jasho. "Sasa itaingia," akasema.

Niwarudishe nyuma. Furaha wangu anakaa Rutshuru kwa nyanya yake. Shule yao imejengwa upya kwa reforme, yale mageuzi ya shule: ya kisasa, ya bure. Ila direkta alitangaza kwamba asiye na deski abaki nyumbani. Mimi niliacha masomo darasa la tatu, huko huko Rutshuru, siku askari walipochoma deski zetu kupikia maharage. Niliapa mutoto wangu atakalia deski.

Ndosho, kwangu, asubuhi. Fundi alinitengenezea deski ya watoto wanne, kwani kwetu mutu hatengenezi kiti cha mutoto mumoja. Wa jirani akae wapi? Tuliisukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka kwenye lori la Rutshuru.

Kibumba, njiani, baridi kali. Nilikuwa juu ya mizigo, nimekalia deski yangu. Wanaume kwenye magunia wakanicheka: "Mwalimu! Leo tunasoma nini?"

"Adabu. Na wewe wa nyuma, nyamaza!"

Rutshuru, mchana. Tukajaribu kuiingiza darasani wima, mulango ukakataa. Tukailaza ubavu, ukakataa.

"Direkta, huu ni mulango gani?"

"Wa kisasa, Mama Furaha. Inspekta wa shule, Romani, njo aliuchagua. Mwembamba, ili mwizi asitoe deski."

"Na mwenye deski ataiingiza namna gani?"

"Ile haiko mu reforme," akasema, akaagiza musumeno. Nilipiga kelele, hakusikia mutu.

Kurudi. Nusu moja niliiacha darasani, imeegemezwa ukutani. Furaha akiikalia, inamutupa. "Mama, ni chukudu bila gurudumu!" alicheka. Mimi sikucheka. Nusu nyingine nimerudi nayo Ndosho, iko hapa mulangoni kwangu, majirani wanaiulizia habari.

Nimejifunza hili: deski yangu ya kwanza ilichomwa na askari, lakini askari hawakusema wananisaidia.

Basi Direkta Gaspari, na wewe Inspekta Romani: nani alipima mulango ule? Jumatatu Furaha akae wapi? Njooni mbele ya wazazi, mujibu. Na musitafute kiti. Mumekikata.