Miwani ya Kambale

Mume wangu anaitwa Kambale na watu wote wa gatini, nami nimelizoea jina hilo hadi nikimkasirikia nyumbani ndilo linalonitoka kwanza. Kazi yake ni kuzamia chini ya meli: kukata kamba zilizojisokota kwenye pangaboi, kukagua vyuma, kutafuta vilivyoanguka. Huzama na kaka yangu. Mimi hukaa juu ukingoni nimeshika kamba zao, maana mle kwenye tope usipokuwa na kamba hakuna anayejua uko wapi. Kamba ikivutwa mara moja, mambo shwari. Ikizidi hapo, moyo huanza kunienda mbio.

Kabla ya kushuka, kila mzamiaji hutemea mate ndani ya miwani yake ya kuzamia, akayasugua kwenye kioo kizima kwa kidole, kisha akaichovya majini mara moja tu na kuivaa. Asipofanya hivyo, kioo kinafunga ukungu na anabaki kipofu mwenye macho mazima. Akisuuza sana, ameyaondoa mate, kazi bure. Na kuna mwiko: kila mtu na mate yake. Miwani ya mwenzako huigusi, seuze kuitemea. Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa hilo.

Siku moja nikianika vifaa vyake uani, nikanusa kwenye miwani harufu ya shampuu ya watoto wachanga. Kitinda mimba wetu ana ndevu! Nikakaa kwenye ngazi na ile miwani mkononi, nikamwona kabisa huyo mwanamke, nikamwona na kichanga chake begani. Sikumuuliza mume wangu. Nikanuna. Yeye wala hakuona kwamba nimenuna, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Haukupita muda, likatokea la kutokea. Walishuka kukata kamba kwenye meli ya mizigo, na mume wangu akaibuka peke yake. Sheria yao ni moja: mnashuka wawili, mnapanda wawili. Nikaivuta kamba ya kaka kumwita juu. Hakuja. Angepandaje, naye anaamini shemeji yake bado yumo mle? Alimtafuta kwa kupapasa mpaka hewa ya mtungi ikakaribia kwisha. Alipotoka, hata miwani hakuvua, akamgeukia mume wangu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilichoka," mume wangu akasema.

"Umechoka? Nakutafuta kama maiti, kumbe umekaa juu umechoka?"

Tangu hapo kaka akawa anamwita "huyo mtu". Alimwambia msimamizi hazami naye tena. Msimamizi akaamua wamalizie kazi moja iliyobaki, kisha Kambale ahamie stoo kugawa vifaa. Mimi nilijua stoo ile itammaliza. Mume wangu nchi kavu hana raha, hata kitandani hulala akielekea dirishani.

Jioni ile mezani nikamtazama akila mkate. Kila tonge alilisukuma kwa maji, kama anayemeza vidonge.

"Una nini mdomoni?"

Akamimina maji mengine. Nikarudia, safari hii kwa sauti ambayo majirani huijua. Ndipo akanionyesha dawa zake mpya za presha. Daktari alimruhusu kuzama, ila alimwonya kwamba zitamkausha mdomo. Zilimkausha kweli. Alikuwa akipaka kioo shampuu usiku kwa kificho, maana nayo huzuia ukungu kama mate, halafu asubuhi, kwa kuogopa wenzake wasije wakanusa, anaisuuza mpaka inaisha yote.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba Kambale hana mate?"

Nikacheka, kwa sababu hakukuwa na mwanamke wala kichanga. Kisha nikalia, kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu kaka yangu nusura afe kwa aibu ya mtu mzima.

Asubuhi ya kazi ile ya mwisho kaka alivaa mapezi yake akiwa ametupa mgongo. Mume wangu alichuchumaa na miwani, akaiinamia, akafanya "ptu". Hakikutoka kitu. Akafanya tena. Uvumilivu ukanishinda.

"Kaka! Hana mate! Dawa za presha zimemkausha. Siku ile hakuchoka, alikuwa haoni!"

Gati zima likageuka. Mume wangu alinitazama kama nimemvua nguo mbele za watu.

"Kweli?" kaka akamuuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu ugomvi.

"Niliingiza maji nisuuze kioo, ukungu ukarudi. Nikakutafuta kwa kupapasa, sikukupata. Nikaogopa, nikapanda."

"Si ungeniambia?"

Kaka akanyoosha mkono.

"Lete."

Hakumpa.

"Lete hiyo miwani, shemeji."

Akampa. Kaka akaitemea kwa nguvu zote za hasira aliyokuwa ameiweka, akasugua mpaka kwenye pembe, akaichovya mara moja, akamrudishia. Kuna mtu alianza kucheka. Kaka alimtazama tu, kicheko kikakatika. Wakashuka. Nikashika kamba zote mbili. Moja ikavutwa mara moja. Ya pili nayo, mara moja.

Stoo walimpeleka mtu mwingine. Daktari naye akaja kumbadilishia dawa, na juzi nimemwona mume wangu akilowesha uzi kwa ulimi ili aupenyeze kwenye sindano. Mate yamerudi tele. Lakini kila asubuhi gatini bado humpa kaka miwani yake bila kusema neno, na kaka huipokea. Nikaona nisiwe mnafiki, nikamnong'oneza kaka kwamba mwenzake amepona zamani.

"Najua, dada," akasema, akaitemea.