Ufunguo wa Bi Saumu

Siku yangu ya kwanza kazini, Ofisa wa Nyumba wa Wete alinikabidhi kishada cha funguo kilichonishinda kubeba kwa mkono mmoja. Kugawa nyumba za serikali, akaniambia, ni kufuata zamu tu: aliyengoja zaidi ndiye wa mwanzo, na siku ya kugawa afike mwenyewe. Asiyefika, nafasi inakwenda kwa anayemfuatia. Nililipenda sharti lile, maana liliwazuia wakubwa kuchukua nyumba kwa majina ya jamaa zao. Na yeye mwenyewe, haki ya Mungu, hongo hakula.

Bi Saumu wa Gando alingoja miaka. Yeye na mumewe walipanga nyumba ya udongo, ukuta wa nyuma umeegemezwa magogo, na mwenye nyumba alishawataka wahame. Zamu yao ikafika. Siku chache kabla ya kugawa, mume akafariki. Ofisi nzima tulikwenda mazikoni, na Ofisa wa Nyumba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Siku ya kugawa, likaitwa jina la Bi Saumu. Hayupo. Ofisa akaniashiria niite anayefuata.

Mie nikadhani kasahau. Nikamnong'oneza kuwa mama yule yuko eda, hatoki mpaka miezi minne na siku kumi ipite. Akanitazama bila hasira yoyote.

"Sharti halikusema mjane asipewe, Bi Mkasi. Limesema afike. Ni moja kwa wote."

Wallahi! Mtu anayesali safu ya mbele! Nikaanza kuyakumbuka majina ya wanawake tuliyowahi kuyaita yasiitikiwe, na wengine hitima za waume zao nilizila mwenyewe.

Eda ilipokwisha Bi Saumu akaja, kavaa buibui, mkononi ufagio mpya wa kufagilia nyumba. Ofisa akamweleza taratibu kwamba hakufika.

"Kwani hukujua nilipo, mwanangu?" akamuuliza. "Si wewe uliyembeba mume wangu kwenda kuzikwa?"

Ofisa akafungua daftari, akamwonyesha jina la aliyepewa. Nyumba ilikuwa na mtu tayari. Bi Saumu akahamia ukumbini kwa kaka yake, akafia huko huko. Mie nikalisema jambo lile kila kikao, chini ya kila mkubwa aliyeletwa, mpaka wakanizoea kama feni la ofisini.

Sasa nimestaafu. Juzi jirani yangu, aliyefiwa na mume mwezi uliopita, kanionyesha ujumbe kwenye simu yake: afike mwenyewe kesho kuchukua ufunguo wa nyumba aliyoiomba. Bado sharti lile lile? Nikajitanda buibui, nikaenda ofisini mwenyewe. Kijana aliyepo ni mpole, alinipa kiti, akanisikiliza habari ya jirani yangu.

"Utaratibu ni mmoja kwa wote, bibi," akasema.

"Naujua. Lakini mama yuko eda, na ufunguo haukai eda. Inuka, tumpelekee."