Rangi Mbili na Redio ya Dada Yake

Shemeji yangu wanamwita Rangi Mbili. Ni kaka wa marehemu mke wangu, fundi wa kupuliza rangi za magari. Jina alilipata ujanani. Alichanganya rangi ya gari la mteja, bluu yenye kijivu kidogo, akapuliza bodi. Kabla hajafika kwenye boneti, kopo likapotea. Akachanganya upya, lakini rangi ya kuchanganya kwa macho hairudi ileile. Gari likatoka mwili na rangi yake, pua na rangi yake. Gereji nzima ikacheka, na jina likamganda.

"Kopo liliibwa," husema mpaka leo. Akisema hivyo hunitazama mimi.

Tangu hapo ana ugonjwa wa kufanya kila kitu kiwe kipya. Amepuliza geti langu, jokofu langu, hata fimbo yangu ya kutembelea. Nilimwambia, "Mimi mwenyewe niache."

Sasa alitaka redio ya dada yake. Si redio ya muziki. Ni ile ya kuongea: unaita hewani, mtu wa nchi nyingine anaitika. Mke wangu alifanya kazi posta, kwenye simu za upepo, zile zisizo na waya. Nyumbani aliendelea bila mshahara, hata alipostaafu. Jioni alikaa mezani kando ya kitanda, spika za masikioni kichwani. Wageni wake sikumwona hata mmoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfunikia chai isipoe.

Wenzake wa chama cha redio waliomba niwaazime, waiweke kwenye chumba chao cha mikutano, watu waione. Nikakubali. Shemeji akaja na msasa.

"Shem, humpeleki dada'angu mbele za watu uso umechubuka."

"Haujachubuka. Hapo ndipo alipoegemeza mkono."

Ni kweli. Chini ya kitufe kikubwa rangi ya bluu imelika juujuu, umbo la kiganja. Juu kuna duara la kikombe. Kwenye namba za masafa kuna tone la rangi ya kucha, pale alipokuwa akimpata rafiki yake mmoja wa mbali. Nguo zake watoto wameshagawa. Mahali ambapo naweza kuweka mkono wangu nikaukuta wake pamebaki hapo tu.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Hii rangi ya kiwandani. Haiguswi."

"Kiwanda gani kinapaka hivi? Imejikunja kama utando wa maziwa."

"Kiwanda cha zamani."

"Kona moja tu, Shem. Ya nyuma. Ukichukia naacha."

Sijajibu, msasa umeshalia.

Chini ya bluu ikatokea nyeusi. Shemeji akasimama. Akalamba kidole, akafuta vumbi, bluu ikatokea mbichi bila uchafu wa miaka. Akavua miwani, akaivaa tena. Unywele wa brashi ulikuwa umenasa ndani ya rangi.

"Nani kaipaka hii?"

"Kiwanda."

"Kiwanda hakipaki kwa brashi ya jikoni! Na hii bluu hakina. Hii naijua hata uniamshe usingizini. Shem, hii ndiyo boneti yangu!"

Nikafikiri. Redio mke wangu aliinunua kuukuu, mimi niko safarini na lori. Niliporudi niliikuta mezani, bluu, nikajua imezaliwa hivyo. Niliisifu sana rangi yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikujua anacheka nini.

"Alikuwa ananiletea chakula gereji," shemeji alisema polepole. "Na kikapu."

"Kikapu kikubwa," nikasema.

"Na miaka yote nakushuku wewe!"

"Najua. Kwako hata bisibisi uliificha nikija."

Tulicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu kicheko kikamkatikia. Akajifuta macho kwa tambara lenye vumbi la rangi, yakazidi kumwasha.

Nikamsogezea msasa. "Haya, endelea. Si umesema uso umechubuka?"

Akaikumbatia redio. "Thubutu! Huu ushahidi wangu."

Kabla ya kuipeleka kwenye chama aliipitisha gereji. Waliompa jina wengi wametangulia. Alimkuta mlinzi wa zamani tu, masikio mazito. Akamweleza habari yote, kopo, kikapu, dada. Mlinzi akatikisa kichwa.

"Rangi nzuri, Rangi Mbili."

Redio imesharudi mezani. Siku za mapumziko shemeji huja kuifuta kwa kitambaa kikavu. Mkono wake haugusi pale pa kiganja, anapazunguka. Husikia nikipita mlangoni, na bado humwambia dada yake, "Mwizi we."

Kona aliyoikwangua imebaki nyeusi. Juzi nilimuuliza kama hawezi kuiziba.

"Nichanganye tena ile bluu? Shem, unataka waniite Rangi Tatu?"

Akaendelea kufuta. Nikamfunikia chai yake.