Mkono wa Kipimo

Watu wakiniambia nilimfanyia ukatili shemeji yangu, siwabishii. Nawauliza tu kama walikuwepo. Hawakuwepo. Basi wanyamaze niwasimulie.

Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na gereji nzima ilimwita Kipimo. Jina alilipata kwa haki, hilo sitamnyima. Miaka thelathini alikaza bolti bila spana ya kupimia nguvu, maana mkono wake ulijua pa kuishia. Alifumba macho, akavuta, akasimama, na ukipima baada yake hukuti kosa. Mume wangu alipofariki niliachiwa gereji pamoja na Kipimo ndani yake, na Kipimo alikuwa na mdomo. Nikitoa agizo ananijibu, "Shemeji, wewe umeolewa tu hapa. Sisi tumezaliwa na spana mkononi." Nikawa nameza. Nilikuwa na watoto wa kulea.

Ndipo likaja gari la Mwalimu, mstaafu mmoja mpole mwenye miwani mizito. Gari la zamani, rangi ya maziwa, lilikuwa barabarani kabla mimi sijazaliwa, na Mwalimu alilipenda kuliko ndugu zake. Hedi ya injini yake, yaani kifuniko cha juu, ni ya alumini, na hedi kama ile haipatikani tena hata upige magoti. Kipimo akaisafisha, akairudisha, akaanza kufunga bomba la moshi ubavuni mwake. Bolti nane. Ya kwanza akavuta, akavuta tena, nikaiona inazunguka bure. Akaichomoa. Imetoka na meno ya tundu, vipande vyembamba vya alumini vinang'aa.

"Mzigo wa kizee huu," akasema. "Umechoka."

Haya bwana. Kwenye kutengeneza tundu lililokatika meno, mtu yule hakuwa na mpinzani. Alilichimba kwa drili, wima, akakata meno mapya kwa tepu, chuma cha kuchongea meno, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, anapuliza, anaendelea. Kisha akazungushia ndani koili ya waya mgumu, ndiyo meno mapya hayo, akavunja mkia wake na kuutoa. Bolti ikaingia bila kugoma. Ila nilipaswa kushtuka mapema, maana safari hii macho yake hakuyafumba hata mara moja. Aliyakodoa kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Kesho yake tundu la pili likaenda. Keshokutwa la tatu.

Siku hiyo hiyo ya tatu kulikuwa na gari jingine limeingia sasa hivi kutoka barabarani. Kipimo ameinama chini ya boneti, anamtania mnyoosha bodi. Nikasikia harufu, nikadhani mpira unaungua. Kutazama, vidole vyake vitatu vimetulia juu ya bomba la moshi la moto, na yeye anacheka!

"Shemeji, mkono!" nikapiga kelele.

Akautoa taratibu. Akautazama, akaufuta kwenye ovaroli, akasema si kitu. Kipande cha ngozi kilibaki pale kwenye bomba. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, sote tulijua. Kumbe kilishamtia ganzi vidole, na alikuwa anakaza magari ya watu kwa kubahatisha.

Ningeweza kumwita ofisini. Kiti kipo, mlango unafungwa. Sikumwita siku hiyo, nikasema kesho. Kesho akaja Mwalimu kuuliza mbona hedi yake ina matundu matatu yaliyochimbwa upya, na Kipimo, vidole vimefungwa bandeji, akaninyooshea mkono mimi.

"Muulize shemeji. Bolti kanunua yeye. Mwanamke na bolti wapi na wapi?"

Mafundi wakacheka.

Sasa niwaeleze mchezo wetu wa gereji. Unafumba macho, unawekewa nati kiganjani, unataja namba ya spana yake. Kipimo hakuwahi kukosa. Mimi wiki yangu ya kwanza ya ubosi alinichezesha mbele ya mafundi na wateja, nikakosa sita mfululizo, na fundi wa umeme alicheka mpaka akakaa chini. Ulipita mwaka mzima kabla hajatokea mtu wa kunisikiliza pale.

"Kama kosa ni bolti zangu," nikamwambia, "tucheze."

Uso ulimbadilika. Nikamwona anatafuta pa kutokea. Mkono ule ndio ulikuwa kazi yake, hana nyingine. Akikosa mbele ya watu wale hakuna atakayempa tena gari, alijua, na mimi nilijua. Lakini majivuno nayo! Akafumba macho, akatoa mkono wa kulia, ule usio na bandeji.

Nikaweka nati kubwa. Akaupandisha na kuushusha mkono. "Kumi na tisa." Kweli, wakapiga makofi. Alikuwa amekisia kwa uzito.

Nikaweka ya namba kumi na tatu. "Kumi na nne," akasema. Nikasema, "Umekosa." Makofi yakakatika.

"Ya mwisho hii," nikasema. "Ni ndogo." Nikapeleka mkono wangu juu ya kiganja chake, nikaurudisha. Sikuweka kitu.

Akakunja vidole polepole, akasugua hewa kwa dole gumba. "Kumi."

"Una uhakika?"

"Kumi. Mimi sibabaiki."

Mwalimu akavua miwani. Fundi wa umeme alicheka peke yake, akajiziba mdomo.

Kipimo akafumbua macho. Akatazama kiganja, akakigeuza upande wa pili, akainama kutafuta sakafuni. "Imeanguka," akasema.

"Hakikuwemo kitu, Kipimo."

Aliponyooka, sauti ilikuwa ndogo. "Ungeniambia ndani, shemeji. Tungekuwa wawili."

"Mimi uliniambia ndani?"

Nilimjibu hivyo mbele ya watu, na niliona raha, sitadanganya. Mikono kiunoni, nikamwambia avue ovaroli ya gereji yangu.

Akaanza na kifungo cha juu. Kikamteleza. Akakishika tena, kikateleza tena, akaking'ang'ania kwa mikono yote miwili, bandeji inamzuia, jasho linamtoka. Hakuna aliyesogea. Cha kwanza tu kilimshinda.

"Mke wangu ndiye hunifunga asubuhi," akasema, haniangalii. "Nikirudi ndiye hunifungua."

Raha yote ikanitoka pale pale. Ilibidi nisogee mimi, nimfungue kifungo kimoja kimoja kuanzia shingoni mpaka chini, na mafundi wote wanatutazama.