Uchaga wa Eunice na Tangi la Mkaguzi

Haya hutayaamini, wala sikulaumu. Lakini mimi, niliyeachia darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na la kunifundisha, niliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua.

Mpwa wangu, Eunice Mapenzi, hufundisha uhandisi katika chuo cha ufundi hapa Taru. Wanafunzi wake hawaanzi na rula. Kwanza huwapeleka jikoni kwa bibi zao, waketi moshini machozi yakiwatoka, waulize: uchaga huu wa fito juu ya mafiga, mbona mahindi yake hayaozi? Ndipo wachore, wajenge. Na kila kilichoharibika lazima kiandikwe.

Mwaka jana walimjengea mpishi wa chuo, Bi Shutu, uchaga uliopimwa kwa mkono wake. Akaja mkaguzi kutoka bara, akautazama kama aliyekanyaga mavi ya mbuzi.

"Mwalimu, hii ni uhandisi ama ni masizi?"

"Ni vyote viwili, bwana."

"Mkono wa mpishi si kipimo! Naleta tangi la bati. Tuvijaze mahindi vyote viwili, tufungue baada ya miezi mitatu. Yako yakioza, hili somo nalifuta."

Wallahi! Mtu hajapanda hata punje moja maishani mwake! Tangi akaliweka juani, akakaza kifuniko, na mahindi bado yana unyevu. Eunice akamwambia litatoka jasho ndani. Akacheka, mpumbavu yule.

Siku ilipofika, kifuniko kikainuliwa. Lo! Ukungu wa kijani, funza, na mahindi yameshikana kama matapishi ya mbwa. Harufu ilinikaa puani siku tatu. Hata chai ilininukia tangi. Mkaguzi alijiziba pua kwa tai.

"Karibu chakula, bwana mkubwa," akasema Bi Shutu. "Nikupakulie?"

Kisha akanyoosha mkono, bila ngazi, akashusha hindi kutoka uchagani. Kavu, limeiva moshi. Mkaguzi akatia sahihi somo liendelee, akaondoka bila hata kuaga.

Na nakuapia, msomaji, katika uchaga ule mzima hapakuwa na hata mdudu mmo—

"Mjomba!" Eunice huyu, anasoma nyuma ya bega langu. "Futa hapo. Tulihesabu wadudu kumi na saba, na sahani ya kuwawekea uliishika wewe."