Mwaka Nilioacha Kuitikia Salamu

Admin, weka hii kama ilivyo. Jina langu tu ndilo usitoe, maana baba yangu ana wajukuu wenye simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Kitengela. Wanaonijua wanajua sina tabia ya kunyamaza. Nimegombana na wakuu wa shule, na wachungaji, na madalali wa ploti, na sijutii hata mara moja. Kwa hivyo mtashangaa kusikia kuna mtu nimemficha jambo zaidi ya miaka thelathini, naye ni baba yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alipata kazi ya ulinzi kiwandani, tukahama kutoka kwa bibi yangu huko ndani Kajiado tukaja Kitengela. Niliingizwa darasa la pili nikijua Kimaasai, na Kiswahili cha kuombea maji tu. Shule hiyo ilikuwa na diski. Waliosoma enzi hizo wanaijua: kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Ukisikika ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, unakaa nayo mpaka umsikie mwingine akikosea, umvalishe yeye. Atakayekutwa nayo kengele ya jioni ikilia anachapwa mbele ya wote.

Watoto si wajinga. Haikuchukua muda wakagundua njia rahisi ya kuitua. Aliyekuwa nayo alinifuata popote nilipo, akainamia sikio langu na kunisalimu kwa Kimaasai, "Supa." Nami nikajibu, "Ipa." Basi, diski ni yangu.

Msiniulize kwa nini sikukaa kimya. Kwetu mtoto haachi salamu hewani. Mkubwa akikusalimu unainamisha kichwa akuguse, unaitikia. Wa rika lako akikusalimu, unaitikia. Mdomo wangu ulijibu kabla akili haijafika. Hata wasiojua neno lingine la Kimaasai walijifunza hilo moja kwa ajili yangu. Na mimi sikuwa na wa kumvalisha, maana hakuna aliyeongea nami ila kwa hiyo salamu. Jioni nilichapwa, na kosa langu lilikuwa malezi mema.

Njeri, tuliyekaa naye dawati moja, ndiye pekee aliyenionea huruma. Siku moja aliniambia, "Si uwache tu kujibu? Kwani ni lazima?"

Sikuwahi kufikiria kwamba si lazima. Nikaacha. Kwanza niliacha kuitikia salamu, halafu nikaacha kuitikia chochote, kwa usalama. Wakati wa mapumziko nilisimama nyuma ya tangi la maji. Githeri yangu niliila nikitazama ukuta. Mwaka ukaisha hivyo.

Siku ya wazazi baba alikuja amevaa koti. Aliuliza maswali mawili, yale yale mnayouliza nyinyi mpaka leo: amekuwa namba ngapi, na je, ana nidhamu? Mwalimu akamjibu, "Mzee, huyu wako hana shida. Ametulia kabisa." Baba alitembea njia nzima akitabasamu.

Sasa wazazi, nisikilizeni. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni akikwambia mtoto wako ametulia, amekwambia kwamba yeye mwenyewe hamjui. Muulize mtoto mwenyewe. Alikula na nani? Nani alimwita kwa jina lake leo? Akikosa wa kumtaja, kesho yake asubuhi uwe shuleni, hata kama ni namba moja. Na wale mnaokuja kwenye maoni kusema mlichapwa na mkawa watu, andikeni mkishamaliza kusoma.

Desemba shule zilipofungwa tulienda kwa bibi. Alitoka nje akanisalimu. Niliinamisha kichwa, akaweka mkono, akangoja. Sauti haikutoka. Akanisalimu tena, akangoja tena. Mwishowe akamgeukia baba akamuuliza, "Huyu mtoto wangu mmemwacha wapi?"

Baba aliona aibu mbele ya mama yake. Alinichapa, akisema sitamletea kiburi cha shule. Ikawa shuleni nachapwa kwa kuitikia na nyumbani kwa kutoitikia, na duniani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua yote mawili. Bibi alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa chuoni. Sikuwahi kumweleza, akaenda akiamini nilimdharau.

Mbona nayaleta haya leo? Kwa sababu mwalimu yule aliyemwambia baba nimetulia amestaafu na anaishi Isinya, anakoishi baba sasa. Wanasali kanisa moja, na Jumapili ijayo kanisa linamfanyia mwalimu ibada ya shukrani. Baba ameshaahidi kwamba nitazungumza. Kwa Kiingereza, amesema, ingawa yeye mwenyewe hakisikii.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia ukweli. Kabla sijaanza, akaniwahi. "Bibi yako alinilaumu mpaka anakufa," akasema. "Kwamba nilikupeleka shule ukapotea. Nataka watu wakuone pale mbele, wajue hukupotea."

Nikanywa chai nikarudi nyumbani.

Mume wangu anasema mzee ni mzee, nimwache afurahi. Lakini nikimshukuru mwalimu yule hadharani, nitakuwa nimekubali kwamba mwaka ule ulikuwa mwema. Nikimwambia baba, nitakuwa nimemthibitishia kwamba mama yake hakukosea, na huyo mama hayupo tena wa kuombwa msamaha, na baba na yeye siku zake si nyingi. Vitabu nimesoma vingi, na hakuna kilichonisaidia kwa hili.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mlio na wazazi wazee, nishikeni mkono. Nimbebee baba huu mzigo mpaka mwisho, au nimwambie? Na kama ni kumwambia, mzee wa miaka themanini anaambiwa vipi jambo kama hili?